2.4, 5 au 6 GHz? Ruta moja kali au nodi nyingi za upole? Namna ya kuchagua pale hewa inapojaa

Tuliozishika simu za vitufe tunaukumbuka ule mlio. Redio iko mezani, simu iko kando yake, ghafla spika inaanza kukoroma: trrr-tata-tata, trrr-tata-tata. Sekunde mbili baadaye simu inaita. Utotoni tulijifanya watabiri kwa ajili ya mlio ule. Kumbe simu ya GSM haiongei na mnara mfululizo. Hutuma mipigo mifupi, kama 217 kwa sekunde, na waya wa spika uliokaa karibu hugeuka antena, ukaipokea mipigo ile na kuipeleka kwenye kikuza sauti.

Ule ulikuwa mwingiliano wa mawimbi wenye adabu: ulijitangaza. Wa siku hizi haubishi hodi. Video inakwama, simu ya WhatsApp inageuka "unanisikia? haloo, unanisikia?", mashine ya kulipia kwa kadi inazunguka hadi foleni inaanza kuguna. Lawama zote anatupiwa anayeuza bando. Mimi nafunga mitandao, kazi zangu nyingi ziko Kariakoo na chache Unguja, na naweza kusema hivi: mara nyingi intaneti inafika mlangoni ikiwa nzima. Inaumia ndani ya nyumba, kwenye mita kumi za mwisho, na anayeiumiza zaidi ni vifaa vya mwenye nyumba mwenyewe.

Kwa hiyo ukiniuliza "ninunue ruta gani?", nitakuuliza kwanza nani mwingine anaitumia hewa hiyo hiyo. Machaguo yenyewe ni haya, tukianza na bendi, yaani masafa ya redio ambayo Wi-Fi hurushia.

2.4 GHz dhidi ya 5 dhidi ya 6

Bendi ya 2.4 ni kama daladala ya saa moja asubuhi. Inaanzia 2400 MHz na kuishia 2483.5, nafasi ndogo kabisa, na kila mtu yumo: Wi-Fi, Bluetooth, panya na kibodi zisizo na waya, kamera za bei nafuu, taa za kisasa, na maikrowevu. Nchi nyingi zinaruhusu chaneli 13 (Marekani 11), na namba hizo zinawadanganya watu wakadhani kuna njia kumi na tatu. Chaneli zimepangwa kila baada ya MHz 5, ilhali Wi-Fi inahitaji upana wa MHz 20. Zinazokaa bila kukanyagana ni tatu tu: 1, 6 na 11.

Sasa hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hawalijui. Mtu anapima, anaona 1, 6 na 11 zimejaa, anajiona mjanja anaiweka ruta yake kwenye 4. Chaneli 4 inafunika 2417 hadi 2437. Bluetooth ya kuokoa chaji, ile ya saa za mkononi na vifaa vidogo, hutumia vijia vitatu kujitambulisha kwa simu: 2402, 2426 na 2480 MHz. Walioibuni waliviweka hapo makusudi, kwenye mianya kati ya chaneli 1, 6 na 11. Ukikaa kwenye 4 umeikalia 2426 barabara. Umewasumbua majirani wa pande mbili, na saa ya mkeo nayo inachelewa kuunganika na simu yake.

Bluetooth ya kawaida inajitetea vizuri zaidi. Ina vijia 79 na inaruka kutoka kimoja hadi kingine mara 1600 kwa sekunde, na tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 inajifunza vipi vina kelele na kuviacha. Ndiyo maana spika ya Bluetooth na ruta ya 2.4 huweza kukaa chumba kimoja bila ugomvi mkubwa, ilimradi ruta imeachiwa MHz 20 na si 40. Ukiipa 40 umeichukulia Bluetooth karibu nusu ya uwanja wake.

Maikrowevu ni kesi nyingine. Chombo chake cha kutoa mawimbi kinafanya kazi karibu na 2.45 GHz, na mlango haukazi kwa asilimia mia. Kinachoiokoa Wi-Fi ni kwamba maikrowevu nyingi za nyumbani hutoa mawimbi kwa nusu tu ya kila mzunguko wa umeme. Kwa umeme wetu wa 50 Hz hiyo ni kama milisekunde 10 za kelele, 10 za ukimya. Kwa hiyo Wi-Fi haifi, inachechemea. Niliitwa mgahawa mmoja ambako mashine ya kadi iligoma kila siku kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane mchana. Walikuwa wamebadilisha laini mara mbili. Ruta ilikuwa kwenye rafu, juu kabisa ya maikrowevu mbili zinazopasha vyakula vya wateja wa mchana. Niliihamishia ruta upande wa kaunta, nikapokea nauli na sahani ya pilau.

Kingine kisichoshukiwa ni diski ya nje ya USB 3. Intel walitoa maelezo mwaka 2012 wakionyesha kwamba waya na tundu za USB 3 zinatoa kelele inayoangukia kwenye 2.4 GHz. Ukiona panya wako asiye na waya anarukaruka kila ukichomeka diski, usinunue panya mpya. Chomeka kipokezi chake upande wa pili wa kompyuta au kwenye waya mfupi wa kurefushia.

Bendi ya 5 GHz ina nafasi nyingi mno kulinganisha na hiyo, na maikrowevu wala Bluetooth hazimo. Bei yake ni umbali. Hata uwanjani pasipo ukuta, kwa umbali ule ule mawimbi ya 5 yanafika yakiwa pungufu kwa desibeli kama 7, yaani inabaki moja ya tano tu ya nguvu. Weka ukuta wa tofali za saruji, hali inazidi. Weka ukuta wa Mji Mkongwe, mawe ya matumbawe na chokaa, mnene kama urefu wa mkono wako, na 5 GHz inaishia chumba ilimozaliwa.

Lakini huo udhaifu ndio uzuri wake, na hapa ndipo natofautiana na wauzaji dukani. Ukuta unaoizuia 5 GHz yako isitoke unaizuia ya jirani isiingie. Kwenye ghorofa lenye wapangaji thelathini, mawimbi yasiyokwenda mbali ni neema. Nikisimama ghorofa ya nne Kariakoo jioni na kupima, 2.4 inanionyesha mitandao ya mtaa mzima, hadi ya duka la vitenge ng'ambo ya barabara. Kwenye 5 naona ya wapangaji wa jirani yangu, basi.

5 ina mitego miwili. Wa kwanza ni rada. Chaneli 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, hivyo ruta inalazimika kusikiliza kwanza kwa sekunde 60 kabla ya kurusha. Ikihisi rada inatakiwa kuhama ndani ya sekunde 10 na isirudi hapo kwa dakika 30. Kwa kanuni za Ulaya, zile za rada za hali ya hewa, 5600 hadi 5650 MHz, zinadai dakika 10 nzima za kusikiliza. Ukiwa karibu na bandari au uwanja wa ndege na Wi-Fi yako inapotea dakika moja kisha inarudi bila sababu, jaribu 36 hadi 48, ambako sheria hiyo haipo. Wakati mwingine hata rada haipo, ruta imeota tu.

Mtego wa pili uko juu ya paa. Watoa huduma wadogo wengi wanaleta intaneti kwa antena za 5 GHz, kutoka paa hadi paa. Ruta yako ya ghorofa ya juu, chini ya antena hiyo hiyo, ikichagua chaneli yake, unakuwa unaikaba koo intaneti inayokulisha. Muulize fundi aliyekufungia antena anatumia masafa gani, kisha kaa mbali nayo. Swali la sekunde tano, na sijamwona mteja aliyewahi kuliuliza.

Kuhusu 6 GHz nitakuwa mfupi. Marekani ilifungua MHz 1200 mwaka 2020, Umoja wa Ulaya ukafungua 480 mwaka 2021, na vinavyoweza kuitumia ni vifaa vya vizazi vipya tu vya Wi-Fi, kuanzia 6E. Ni barabara mpya ya lami isiyo na bajaji hata moja, kwa kuwa vifaa vya zamani haviwezi kupanda. Haipenyi kuta kuliko 5. Kwa ofisi yenye kompyuta mpya ni starehe. Kwa duka ambalo wateja wanakuja na simu za miaka mitano iliyopita, umenunua barabara ambayo hakuna wa kuipita. Na ukiletewa ruta na ndugu aliye Marekani, hakikisha kwanza kama inakubali kubadilishwa mpangilio wa nchi, maana nyingi zimefungwa, la sivyo inaweza kurusha kwenye chaneli ambazo mamlaka ya mawasiliano ya kwenu haijaziruhusu.

| | 2.4 GHz | 5 GHz | 6 GHz |
|---|---|---|---|
| Ukuta | inapenya | inachoka haraka | inachoka haraka |
| Adui mkuu | majirani, maikrowevu, USB 3 | rada, antena za paani | bado wachache |
| Nimpe nani | taa, kamera za nje, mashine za kadi, printa za zamani | simu, laptopu, televisheni | kompyuta mpya chumba kimoja na ruta |

Chaneli moja na jirani, au katikati ya majirani?

Hili linawakera watu nikiwaambia. Ukilazimika kuchagua, kaa chaneli ile ile na jirani kuliko kukaa nusu yake na nusu ya mwingine.

Wi-Fi ina ustaarabu wa bombani. Kila kifaa husikiliza kwanza. Kikisikia mwenzake anaongea, kinangoja zamu. Ruta mbili kwenye chaneli 6 zinaelewana maneno, zinapanga ndoo foleni. Ni polepole, lakini kila mmoja anachota. Ruta iliyokaa chaneli 8 inasikia ya chaneli 6 kama kelele tu, haielewi neno. Mara inangoja bure, mara inaropoka juu ya mwenzake, ujumbe unaharibika na unatumwa upya. Huko kutuma upya ndiko kunakokula hewa.

Kinachoamua foleni ina urefu gani si idadi ya mitandao unayoiona kwenye kipimo bali wanaoitumia kweli. Chaneli yenye mitandao minane iliyolala ni bora kuliko yenye mmoja ambao kijana wake anapakua michezo usiku kucha. Ila usisahau kwamba hata mtandao uliolala hujitangaza karibu mara kumi kwa sekunde, na kwenye 2.4 matangazo hayo mara nyingi hutumwa kwa kasi ya chini kabisa. Hoteli yenye majina matano ya Wi-Fi, la wageni, la wafanyakazi, la meneja, la kamera na la "jaribio" ambalo hakuna anayejua nani aliliweka, kwenye nodi sita, yaani vituo sita vya kurusha Wi-Fi, inatangaza mara mia tatu kwa sekunde kabla mgeni hajafungua hata barua pepe. Acha majina mawili. Futa "jaribio".

Na upana? Kwenye 2.4 tumia 20, hakuna mjadala. Kwenye 5, ghorofani weka 40, nyumba iliyojitenga weka 80. Kila ukizidisha upana mara mbili unaingiza kelele zaidi kwa desibeli 3 na unapunguza nafasi za kujitenga na wengine. Ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la ruta ilipatikana kwa upana mkubwa, mahali pasipo jirani.

Ruta moja yenye nguvu, au nodi kadhaa?

Ruta inapiga kelele, simu inanong'ona. Ruta yenye antena sita inaweza kukusikilizisha hadi getini, simu yako ikaonyesha vijiti vyote, lakini simu ina betri ndogo na antena iliyofichwa chini ya kiganja chako. Wewe unaisikia ruta, ruta haikusikii. Vijiti vimejaa, ujumbe hauendi. Kuongeza nguvu za ruta ni kuongeza kipaza sauti kwa anayesikika tayari.

Basi nodi kadhaa. Hapo napo pana njia tatu, na tofauti yake ni kubwa kuliko tofauti ya bei.

Ripita ya kuchomeka ukutani, ile inayodaka mawimbi ya ruta na kuyarusha tena, ndiyo rahisi na ndiyo nisiyoipenda zaidi. Kama ina redio moja, inapokea na kutuma kwa redio hiyo hiyo, chaneli hiyo hiyo, kila neno linasemwa mara mbili. Kasi inakatika karibu nusu, na hewa ya mtaa inachafuka mara mbili. Kwa kamera moja ya getini, sawa. Kwa nyumba nzima, hapana.

Mfumo wa meshi wenye redio ya pekee ya kuunganisha nodi kwa nodi ni bora zaidi kuliko hiyo, hasa kwa nyumba ya kupanga ambako mwenye nyumba hataki kuona tundu ukutani. Sharti nodi zisikilizane vizuri. Watu huiweka nodi ndani ya chumba kisicho na mawimbi. Weka nusu ya njia, mahali ambapo mawimbi bado yapo.

Waya unazishinda zote mbili. Nodi iliyolishwa kwa kebo haitumii hewa kuongea na ndugu yake. Hewa yote inabaki ya simu. Kama una dari ya kupitishia kebo na fundi wa siku mbili, acha kulinganisha.

Lakini hata waya hauponyi kosa la nguvu. Nyumba moja ya wageni Mji Mkongwe, vyumba kumi na viwili, fundi kabla yangu alifunga nodi sita kwa kebo safi kabisa, kazi ya kupendeza macho. Wageni walilalamika vilevile. Mwenye nyumba, mama wa makamo asiye na mzaha, alinipokea kwa swali: "Fundi, nyie mnauza vyombo au mnauza hewa?"

Nodi zote sita zilikuwa kwenye nguvu ya juu kabisa, na kwenye 2.4 zote ziko chaneli 6. Ua wa katikati ulikuwa unazisikilizisha zote kwa pamoja. Mgeni anaingia mapokezi, simu inashika nodi ya mapokezi. Anapanda hadi paani kunywa kahawa, simu bado imeng'ang'ania nodi ya mapokezi kwa kuwa inaisikia kidogo kupitia uani. Simu ndiyo huamua lini ihame, nodi haiwezi kuilazimisha vizuri. iPhone, kwa mfano, haianzi kutafuta nodi nyingine mpaka mawimbi yashuke hadi -70 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi: namba ikikaribia sifuri, mawimbi ni makali zaidi). Nodi ikiwa kali mno, simu haifiki hapo. Inabaki mbali, inaongea polepole, na anayeongea polepole anawachelewesha wote waliopanga foleni nyuma yake.

Sikuuza chombo. Nilizima 2.4 kwenye nodi tatu kati ya sita, zilizobaki nikazigawia 1, 6 na 11, nikapunguza nguvu hadi kila nodi ikatosha vyumba vyake na kidogo cha ukumbi. Kwenye 5 nikaziacha zote, kila moja na chaneli yake, upana 20 kwa sababu nodi ni nyingi. Nikawasha ile misaada ya kuhama inayoitwa 802.11k na v, ambayo hainaga lawama na simu za sasa. Ya tatu, 802.11r, niliiacha, maana printa yao ya zamani iligoma kujiunga ilipowashwa. "Umepunguza nguvu halafu imekuwa nzuri?" Mama aliuliza mara mbili. Ndiyo mama, nimepunguza.

Hotspoti ya simu dhidi ya ruta ya laini

Hotspoti ni nodi pia, yenye tabia mbaya ya kutembea. Ofisi yenye watu kumi kila mmoja na hotspoti yake ina ruta kumi juu ya meza moja. Tena ndani ya simu yenyewe redio ya mtandao wa simu na ya Wi-Fi zimeachana kwa sentimita chache. Bendi ya 40 ya 4G inaishia 2400 MHz, pale pale 2.4 ya Wi-Fi inapoanza. Simu ikiwa kwenye bendi hiyo na inagawa hotspoti kwa 2.4, sikio na mdomo viko kwenye uso mmoja. Watengenezaji wana mbinu za kupokezana zamu, ila zamu ni zamu. Ukiweza, gawa hotspoti kwa 5 GHz. Kwenye iPhone 12 na za baadaye hiyo ndiyo kawaida, mpaka uwashe swichi ya kuruhusu vifaa vya zamani, ambayo inairudisha 2.4. Watu huiwasha siku moja kwa ajili ya laptopu ya rafiki na kuisahau mwaka mzima.

Kwa watu wawili safarini, hotspoti. Kuanzia watatu wanaokaa mahali pamoja, ruta ya laini dirishani, simu zote zizime zao.

Kabla hujatoa hela, pima. Kwenye Android kuna programu za bure za kuonyesha chaneli zote kwa michoro. iPhone inabana programu za namna hiyo, lakini AirPort Utility ya Apple ina kipimo kinachowashwa kwenye mipangilio yake. Pima saa mbili usiku watu wakiwa nyumbani, si saa nne asubuhi. Simama pale unapokaa kweli, kitandani, jikoni, nyuma ya kaunta, simu mkononi kama unavyoishika siku zote. Ukiona -67 dBm au bora zaidi kwenye 5 GHz na video bado inakwama, tatizo si mawimbi. Sasa ndiyo unaweza kumpigia mwenye bando.